Mwenye Motakaa katika Nchi ya Aisilandi

Katika mazungumzo haya twataka kuwaeleza wasikilizaji na wasomaji wetu habari za nchi moja ya Ulaya iliyo mbali sana upande wa kaskazini, na jinsi impasavyo mgeni kuendesha motakaa katika nchi hiyo. Jina lake ni Aisilandi. Huenda msomaji akauliza, "Habari hizi zitanifaa nini mimi nikaaye kijijini, nami sina hata baisikeli?" Twamjibu kwamba zamfaa kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu husafiri: wako wasomao Ulaya na wako wafanyao kazi huko, na wengine wataandamana nao. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, mambo yamwangamizayo mgeni katika njia za Aisilandi ni mambo tunayoyajua sisi pia: mto uliofurika, njia ya changarawe, daraja jembamba, mnyama akatizaye njia, na haraka ya mshika usukani. Ajuaye kwa nini watu hupotea kule atajua pia jinsi ya kujilinda hapa.

Neno letu kuu ni fupi. Katika nchi ile si nguvu ya mashine iamuayo kama safari itafanyika au haitafanyika. Waamuzi ni njia, maji na upepo wa siku ile. Basi dereva mwema ni yule aulizaye kabla ya kuondoka, naye akiambiwa rudi, hurudi.

NCHI YENYEWE

Aisilandi ni kisiwa katika bahari ya Atlantiki, nacho kiko kusini kidogo ya mstari ule wa dunia ambao ng'ambo yake jua halichwi wakati wa kiangazi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 103,000, yaani haufiki nusu ya Uganda. Watu wake wapata 400,000 tu, na wengi wao hukaa katika mji mkuu, Reykjavík, na miji iliyo jirani. Katikati ya nchi hakuna vijiji wala mashamba. Kuna mawe, mchanga mweusi, milima ya moto, na barafu isiyoyeyuka yote mwaka hata mwaka. Barafu iliyo kubwa kupita zote yaitwa Vatnajökull, nayo yafunika kilomita za mraba zaidi ya 7,000.

Moto na barafu vimekaa pamoja katika nchi hii. Watu wa Goma, walioona moto wa Nyiragongo ukiteremka hata mjini mwaka 2002, na kuukaribia tena mwaka 2021, wataelewa upesi tukisema kwamba katika mwaka 2024 mawe yaliyoyeyuka yaliikata barabara iendayo mji wa Grindavík, ambao wenyeji wake walikuwa wamekwisha kuhamishwa mwezi wa Novemba 2023.

Reli hakuna katika Aisilandi. Mtu atakaye kwenda mahali huenda kwa ndege, kwa meli, au kwa barabara. Barabara kubwa, iitwayo Barabara Nambari 1, yakizunguka kisiwa chote kwa urefu wa kilomita zipatazo 1,320. Mzunguko huo haukukamilika mpaka mwaka 1974, lilipofunguliwa daraja la mto Skeiðará upande wa kusini. Mpaka mwaka huo mito itokayo chini ya barafu ilikuwa imewashinda wajenzi.

Na hata baada ya kujengwa daraja, mito ile haikutiishwa. Mwishoni mwa Septemba 1996 moto ulilipuka chini ya barafu ya Vatnajökull. Barafu iliyeyuka, maji yakakusanyika yakifichwa, na watu wakangoja zaidi ya mwezi. Tarehe 5 Novemba maji yakapasua njia, yakashuka pwani yakibeba vipande vya barafu vikubwa kama nyumba. Daraja moja lilichukuliwa lote, na lile la Skeiðará likavunjika sehemu. Hakufa mtu, kwa kuwa wenyeji walikuwa wameonywa, na barabara ilikuwa imefungwa. Vyuma vilivyopindwa na maji hayo vimewekwa kando ya barabara, karibu na mahali paitwapo Skaftafell, ili wapitao watazame na kukumbuka.

MKONO WA KUUME

Jambo la kwanza la kumsumbua mgeni atokaye Kenya, Uganda au Tanzania ni upande wa kupita. Kwetu motakaa hupita kushoto, na kule hupita kuume, kama ilivyo katika Kongo, Rwanda na Burundi. Dereva wa lori aendaye Kigali kutoka Dar es Salaam hubadili upande afikapo mpakani Rusumo, naye hili si geni kwake. Tena Waaisilandi wenyewe walikuwa wakipita kushoto zamani. Walibadili siku moja, nchi nzima, tarehe 26 Mei 1968, saa kumi na mbili asubuhi.

Mtu hudhani kwamba atakosea penye motakaa nyingi. Sivyo. Penye wengi yeye hufuata wenziwe. Hatari iko pale alipo peke yake: atokapo asubuhi katika nyumba ya wageni, au amalizapo kutia mafuta, na barabara mbele yake ni tupu. Hapo mkono hurudia desturi yake ya kale, na motakaa huingia kushoto bila mwenyewe kujua. Twashauri kwamba abiria aketiye mbele apewe kazi ya kusema "kuume" kila wanapoondoka mahali. Si jambo la kuoneana haya.

Penye njia panda ya mzunguko, ile ambayo watu wengi kwetu huiita kipilefti, mgeni azunguke kwa upande wa kuume. Na ikiwa mzunguko una njia mbili, aliye njia ya ndani ndiye mwenye haki ya kutoka kwanza, na aliye njia ya nje humpisha. Desturi hii haipatikani katika nchi nyingi, na wageni wengi wamegongana kwa kutoijua.

MWENDO, TAA NA POMBE

Katika miji mwendo usipite kilomita 50 kwa saa, na katika mitaa ya makazi mara nyingi ni 30. Nje ya miji, njia ya lami ina mpaka wa kilomita 90, na njia ya changarawe kilomita 80. Hiyo ni mipaka ya juu kwa siku njema, si mwendo ambao lazima ufikiwe. Taa za mbele huwashwa mchana na usiku, mwaka mzima. Kila mtu aliyemo ndani hufunga mkanda, wa mbele na wa nyuma, na watoto wadogo huwa na viti vyao wenyewe. Dereva hashiki simu mkononi. Na kwa habari ya pombe, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2020 ilizidi kukaza kamba: anywaye, hata kidogo, na amwachie mwingine usukani.

Leseni ya mgeni sharti iwe na picha yake na maandishi ya herufi za Kilatini, ndizo hizi tunazoandikia Kiswahili. Makampuni mengi ya kukodisha motakaa hayamkubali mtu aliye chini ya umri wa miaka 20, na kwa motakaa kubwa za milimani hutaka umri mkubwa zaidi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Lugha ya nchi ni Kiaisilandi, nayo ni ngumu. Lakini Mswahili ana heri katika jambo moja. Herufi ð husomwa kama dh yetu katika neno "dhahabu", na herufi þ kama th katika "thelathini". Wageni wengi wa Ulaya hushindwa na sauti hizo ambazo sisi twazitamka tangu utotoni. Haya ndiyo maneno ambayo dereva ayajue kwa moyo:

Einbreið brú: daraja jembamba, la motakaa moja tu.
Malbik endar: lami yaisha hapa.
Blindhæð: kilima kisichoonyesha ng'ambo yake.
Lokað: pamefungwa.
Ófært: hapapitiki.

Daraja jembamba ni jambo la kila siku. Watu wa nchi ni wachache, na mito ni mingi, basi wajenzi wa zamani walijenga madaraja ya upana wa motakaa moja ili fedha zitoshe kufika mbali. Desturi ni hii: aliye karibu zaidi na daraja hupita kwanza, na wa upande wa pili hungoja. Mgeni apunguze mwendo mapema, atazame mpaka mwisho wa daraja, na akiwa na shaka asimame. Wawili wakishindana kuwahi, daraja halitaongezeka upana kwa ajili yao.

Juu ya kilima kisichoonyesha ng'ambo, dereva akae kuume kabisa, apunguze mwendo, na asijaribu kumpita mwingine. Yule ajaye hamwoni, wala yeye hamwoni yule.

CHANGARAWE NA KONDOO

Wasomaji wetu wengi wamezaliwa kando ya njia za changarawe, nao wajua vumbi lake. Walakini ajali nyingi za wageni hutokea pale hasa lami inapokoma. Mtu huja kwa kilomita 90, huona ubao, naye haachi mwendo. Magurudumu yaliyokuwa yameshika lami ghafula yakanyaga mawe madogo yanayoviringika. Yeye huogopa, hukanyaga breki kwa nguvu na kuzungusha usukani, na motakaa huacha njia na kupinduka. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya kufika pale lami inapoishia, si baada yake. Na akiisha kuingia, mikono iwe mitulivu na breki zikanyagwe polepole. Tena akutanapo na mwenziwe katika changarawe, wote wawili wapunguze mwendo, kwa maana mawe yarukayo huvunja vioo.

Kondoo wa Aisilandi huachwa huru wakati wa kiangazi, nao huenda po pote watakapo mpaka wakusanywapo mwezi wa Septemba. Mara nyingi kondoo jike husimama upande mmoja wa njia, na mwanawe upande wa pili. Dereva amwonapo mmoja, na atafute mwingine kwa macho, kwani motakaa ikikaribia mtoto hukimbilia kwa mamaye, akakatiza mbele ya magurudumu. Mchungaji wa mbuzi hahitaji kufundishwa haya, lakini mtu wa mjini huyahitaji. Ampigaye kondoo asikimbie. Mnyama ana mwenyewe, na hana budi kuliripoti jambo hilo. Na akifungua lango la shamba apite, alifunge nyuma yake.

UPEPO

Jambo ambalo wageni hulidharau kuliko yote ni upepo. Wao huutaja kwa mita kwa sekunde. Upepo wa mita 20 kwa sekunde ni sawa na kilomita 72 kwa saa, nao huweza kuipindua motakaa ndefu au ile ivutayo nyumba ya magurudumu. Kando ya barabara kuu kuna mbao za umeme zionyeshazo nguvu za upepo wa saa ile, nazo si mapambo. Upepo huteremka milimani kwa ghafula, hivi kwamba dereva aliyekuwa katika utulivu hupigwa ubavuni mara atokapo nyuma ya mlima. Chini ya mlima Hafnarfjall na huko Kjalarnes, kaskazini ya Reykjavík, ni mahali palipojulikana sana kwa pigo hilo. Upande wa kusini, katika nyika za mchanga za Mýrdalssandur na Skeiðarársandur, upepo huinua mchanga mweusi ambao hukwangua rangi ya motakaa hata bati likaonekana, na kukifanya kioo kiwe na ukungu usiofutika.

Na hata motakaa ikiwa imesimama, upepo haujaacha kazi yake. Mtu hufungua mlango, upepo huunyakua na kuupinda nyuma hata bawaba hukatika. Basi yampasa aelekeze pua ya motakaa mahali upepo utokako, kisha afungue mlango mmoja mmoja, akiushika kwa mikono miwili. Mara nyingi bima ya motakaa ya kukodi hailipi mlango uliovunjwa na upepo, wala madhara ya mchanga ila kwa bima yake ya pekee. Asome mkataba kabla ya kutia sahihi.

KIANGAZI NA BARIDI

Mwezi wa Juni usiku hauingii giza. Hilo lapendeza, lakini lina udanganyifu: mtu huendelea kwenda kwa kuwa anga ni jeupe, hata hushikwa na usingizi katika saa ambayo mwili wataka kulala. Afuate saa yake, asifuate jua. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: mjini Reykjavík nuru ya jua hupatikana kwa muda wa saa nne tu, na jua lenyewe hukaa chini, likimpiga dereva machoni.

Baridi huleta theluji, na theluji yaonekana. Ya kuogopwa zaidi ni ile barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami. Hutokea hasa wakati baridi inapokaribia kiwango cha maji kuganda: maji ya mchana hushika njia usiku, nayo barabara huonekana kama imelowa tu. Magurudumu hayashiki kitu. Kwa hiyo kutoka Novemba hata katikati ya Aprili wenyeji huruhusiwa kutumia matairi yaliyotiwa misumari midogo, ambayo nyakati nyingine za mwaka hukatazwa. Mgeni ambaye hajapata kuendesha juu ya barafu, na asichague majira hayo kuwa ya kujifunzia.

KUVUKA MITO

Sasa twafika penye hatari kubwa. Katika milima ya kati kuna njia ambazo nambari zake hutanguliwa na herufi F, yaani fjall, maana yake mlima. Hufunguliwa mwanzo wa kiangazi, nyingine mwezi wa Juni na nyingine Julai, na kufungwa majira ya baridi yanapokaribia. Sheria yataka motakaa ya kupita huko iwe yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Katika njia nyingi za namna hiyo mito haina madaraja, na msafiri huvuka ndani ya maji. Katika njia ya Sprengisandur, ipitayo katikati ya nchi, mtu huenda zaidi ya kilomita 200 bila kukuta mahali pa kununua petroli. Hata katika Barabara Nambari 1 yafaa kutia mafuta kila yanapofika nusu. Na vituo vingi havina mtu, ila mashine ya kupokelea kadi ya benki yenye nambari ya siri.

Mito ya Aisilandi ni ya namna mbili. Kuna mito ya chemchemi, ambayo maji yake ni safi, nayo hayabadiliki sana. Na kuna mito ya barafu, ambayo maji yake yana rangi kama ya majivu au maziwa yaliyochanganyika na udongo, wala chini hapaonekani. Mito hii ya pili yaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni ya siku moja. Sababu ni hii. Mchana jua huyeyusha barafu juu mlimani, na maji huchukua saa kadhaa kushuka. Basi mto huwa mdogo alfajiri, na huwa mkubwa alasiri na jioni. Msafiri avukaye asubuhi maji yakiwa magotini, huweza kurudi jioni akayakuta kiunoni, katika kivuko kile kile. Mvua nayo huongeza, na siku ya joto huongeza. Aidha mto wa namna hii huhamisha mchanga wake, hata kivuko cha jana leo ni shimo. Kadhalika nyayo za magurudumu ziingiazo majini hazithibitishi kwamba mwenyewe alitoka ng'ambo.

Mto Krossá, ulio katika njia ya kwenda Þórsmörk, umejulikana sana kwa jambo hili. Motakaa nyingi zimekwama humo, na watu wamepoteza maisha humo. Mabasi makubwa ya wenyeji hupita, na mgeni huona akasema, "Nami nitapita." Hakutazama urefu wa magurudumu yao.

Amri za kuvuka ni hizi:

Kwanza, asivuke mtu peke yake. Asimame, ashuke, atazame, angoje wengine.

Pili, ausome mto. Maji yakiwa yametandaa kwa upana na kutia mawimbi madogo, mara nyingi hapo pana kina kidogo. Yakiwa yametulia na mto umebanwa, hapo pana kina kirefu.

Tatu, mto usiojulikana hujaribiwa kwa miguu, mtu akifungwa kamba na kuvaa nguo za rangi ing'aayo. Na hapa iko kanuni impasayo kila mtu kuishika: pale ambapo waogopa kupita kwa miguu, usipite kwa motakaa. Ukiogopa, umekwisha kupata jibu, geuka urudi.

Nne, nguvu ya magurudumu manne na gia ya chini hutiwa kabla ya kuingia majini. Akiisha kuingia asibadili gia, asisimame, wala asiende kwa kasi. Aende polepole kwa mwendo mmoja, akielekea kidogo upande maji yaendako, ili asishindane nayo.

Tano, akumbuke kwamba mashine huvuta hewa. Maji yakiingia mahali pa hewa, mashine huvunjika papo hapo, na motakaa husimama katikati ya mto. Tena bima ya motakaa za kukodi kwa kawaida hailipi madhara yaliyofanywa na maji ya mto. Mtu aweza kutoka mtoni akiwa hai, na deni la motakaa nzima likamngoja nchi kavu.

Msomaji wetu ameziona mvua za masika. Amewaona watu wamesimama kando ya daraja lililofunikwa na maji mekundu, na dereva mmoja mwenye haraka akasema, "Najua njia hii." Maji yaendayo kasi, hata yasipopita goti la mtu mzima, yaweza kuiinua motakaa ndogo na kuichukua. Wala mto wa mafuriko usijaribiwe hata kwa miguu. Dawa yake ni kungoja. Maji yakija upesi, mara nyingi hupungua upesi, lakini aliyechukuliwa nayo harudi.

KUTOIACHA NJIA

Ni marufuku kabisa kuendesha motakaa nje ya njia katika Aisilandi, na faini yake ni kubwa. Mgeni hutazama jangwa lile akadhani halina kitu cha kuharibika. Lakini juu ya mawe yale huota majani madogo laini kama sufi, nayo hukua polepole mno. Gurudumu moja likipita hufanya kovu ambalo mtoto azaliwaye leo atalikuta akiwa mzee. Akutaye kizuizi mbele yake asikizunguke kwa kupita majanini. Na arudi alikotoka. Vile vile asisimamishe motakaa katikati ya barabara kwa kupiga picha, hata mlima uwe mzuri namna gani. Kuna mahali palipotengwa kando ya njia kwa ajili hiyo.

KUULIZA KABLA YA KWENDA

Serikali ina idara ya barabara, iitwayo Vegagerðin, ambayo hutangaza kila siku hali ya kila njia: ipi ni nyeupe kwa theluji, ipi inateleza, ipi imefungwa. Habari zake hupatikana kwa simu nambari 1777, na katika ramani yake ya rangi iliyo katika intaneti. Idara ya hali ya hewa nayo hutoa onyo kwa rangi tatu: manjano, machungwa na nyekundu. Wenyeji, ambao wamezaliwa katika upepo ule, huuliza kila wanapotaka kusafiri. Mwenyeji akisema, "Leo siendi," mgeni ana haja gani ya kujiona shujaa?

Njia ikiwa na ubao wa Lokað, imefungwa kwa wote, kwa maskini na kwa tajiri, kwa motakaa ndogo na kwa kubwa. Wako waliopita kando ya ubao huo kwa kuwa tiketi yao ya ndege ilikuwa ya kesho yake. Basi afadhali mtu apange safari yenye siku moja au mbili za ziada, ili pasiwepo jambo la kumlazimisha.

WAOKOAJI

Akwamaye, au apatikanaye na ajali, hupiga simu nambari 112. Na hapa twataka msikilizaji atie moyoni ni nani wajao kumwokoa. Si askari wala watumishi wa mshahara. Ni watu wa kujitolea, wa chama kiitwacho Landsbjörg: waalimu, wakulima, mafundi, wavuvi na wenye maduka. Simu ikilia usiku katika dhoruba, huacha vitanda vyao na watoto wao, wakaenda mlimani kumtafuta mtu wasiyemjua. Sehemu kubwa ya fedha za kununulia vyombo vyao huipata kwa kuwauzia watu fataki mwisho wa mwaka, na wananchi huzinunua kwa wingi wakijua ziendako fedha zao.

Kwa hiyo aupuuzaye ubao uliofunga njia hajihatarishi mwenyewe tu. Amemwita baba wa watoto wengine aje katika upepo ule ule uliomshinda yeye. Mtu aweza kusema kwamba maisha yake ni yake, lakini maisha ya amwokoaye si yake.

Haya ndiyo tuliyotaka kueleza. Mwenye kubahatika kwenda Aisilandi, na aende. Ni nchi nzuri, na watu wake ni wakarimu. Apite kuume, awashe taa, apunguze mwendo lami inapoishia, aushike mlango wake kwa mikono miwili, auvuke mto asubuhi au asiuvuke kabisa, na aulize kabla ya kuondoka. Na aliyebaki nyumbani ayashike yale yampasayo, na hasa lile la mto. Masika yajayo, akutapo maji yamepita juu ya daraja, akae ng'ambo hii pamoja na wenziwe, angoje yapungue.